Wa Kwanza Kumwona Bwana

Alhamisi, 6 Juni

Uyen, huna adabu. Nimekuambia usoni, na sasa naandika hapa nisije nikasahau kukuambia tena kesho. Mtu hajakanyaga nyumba ya bibi yake miaka minne, anafika, anavua viatu, anakwenda moja kwa moja kwenye kioo! Kioo! Madhabahu ya babu yako iko hatua tatu kutoka kwenye hicho kioo. Vijiti vya udi nimeviweka tangu asubuhi, maana leo kwa kalenda yetu ni siku ya kwanza ya mwezi wa tano, na kiberiti nimekiweka juu yake. "Nitawasha baadaye, bibi, nimechoka na safari." Saa nne nzima umekaa kitini, gari linapanda linashuka lenyewe. Umechoka nini?

Walisema saa sita, wamefika saa tisa. Nimepika chapati za mchele zenye kamba. Kamba wale nilipowanunua walikuwa wanaruka kwenye beseni, mpaka watu wanafika hata mimi hamu imeniisha. Uyen akala nusu. Nusu! "Gauni halitafunga, bibi." Khoi, mchumba wake, alikula sita. Huyo kidogo ana akili.

Wako watatu. Uyen, Khoi, na mwanamke mpiga picha anaitwa Trinh, suruali yake ina mifuko kumi na miwili, nimehesabu. Mabegi manne. Moja la nguo, matatu ya magauni. Siku hizi watu hawaoani mpaka wapigwe picha kwanza kando ya bahari, miezi mitatu kabla, wamekumbatiana mbele za watu. Ndiyo matembezi yenyewe hayo! Pleiku kwao hakuna bahari, kuna kahawa na vumbi jekundu, basi wamekuja kuiazima ya kwetu siku tatu.

Gauni lenyewe jeupe. Nikamwambia, mimi niliolewa nimevaa nyekundu. Nyeupe niliivaa siku ya kumzika mume wangu.

"Ndiyo fasheni, bibi."

"Hata kufa ni fasheni. Kila mtu anafanya."

Khoi akacheka. Uyen hakucheka.

Harusi ni tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane wetu. Mama yake Khoi alirudi kwa mpiga ramli mara tatu mpaka siku hiyo ikapatikana. Ikipita hiyo, hakuna nyingine mpaka mwaka ujao. Wananieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba siku ni yai.

Kesho alfajiri pwani. Halafu kwenye miamba. Keshokutwa minara ya kale. Jumapili mchana basi la kurudi. Nikauliza, na kaburi la babu yako ni siku gani? Akatazama simu. Kaburi halimo kwenye simu!

Nimesoma darasa la tatu tu. Herufi zangu zimelala kama samaki wa jana. Lakini ni zangu, na humu hakuna anayenijibu.

Ijumaa, 7 Juni

Nianze na ngoma.

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nakata vitunguu majani. Ngoma ya hekalu ikalia. Ngoma ile hailii ovyo. Nikasimama na kisu mkononi. Mara Bi Tu jirani akapaza sauti juu ya ukuta: "Dada Sau! Dada Sau! Bwana ametua! Na aliyemwona ni mjukuu wako!"

Nilikimbia. Mimi, na goti langu hili. Na kisu.

Pwani watu wamejaa. Bwana amelala mchangani, mrefu kama mashua mbili, ngozi yake inang'aa kama chungu kipya. Na mbele yake mjukuu wangu! Mabega wazi, gauni jeupe limelowa mpaka magotini, viatu virefu mkononi. Mwanamke mmoja analia: "Tazameni, hata nguo ya msiba amekuja nayo!"

Trinh akasema kwa sauti, mbele ya mtaa mzima: "Nyangumi mfu, jamani, na huu mwanga ulivyo mzuri..." Nikampiga mkononi na mpini wa kisu. Hapa haitwi hivyo. Anaitwa Bwana. Wala hafi, anatua. Amebeba watu wetu mgongoni tangu enzi za mababu, leo umwite kama kitu cha sokoni? Trinh akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka mchangani. Haya, huyo nimemsamehe.

Akaja Mzee Tam, mkuu wa hekalu, ana miaka themanini na kitu. Kanzu nyeusi, vifungo amevipandisha vibaya kwa haraka. Akauliza kama inavyoulizwa: "Nani wa kwanza kumwona Bwana?"

Uyen akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi!"

Akauliza mara ya pili.

"Mimi, babu! Nilimwona hata kabla ya Khoi!"

Mara ya tatu. "Mimi!" Na anacheka! Alidhani watamwandika gazetini!

Mzee Tam akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akamfunga kichwani. Watu wote chini, magoti. "Tangu leo wewe ni mtoto wa kwanza wa Bwana. Utamzika kama baba yako."

Hapo ndipo aliponitafuta kwa macho. "Bibi, maana yake nini?"

Maana yake! Mjukuu wa mtu wa bahari anauliza maana yake! Lakini nimlaumu nani? Baba yake ni mwanangu mimi, aliikimbia bahari akaenda kupanda pilipili mlimani, na harufu ya samaki akiisikia anafunga dirisha. Nikamweleza pale pale. Anayekuwa wa kwanza kumwona Bwana ndiye mwanawe mkubwa. Anatangulia mbele ya jeneza. Anavaa kitambaa siku mia tangu mazishi. Siku mia hakuna nguo nyekundu, hakuna karamu. Hakuna harusi.

Akahesabu kwa vidole. Akahesabu kwa simu. Mazishi ni Jumapili, na siku mia zinakwisha siku mbili baada ya harusi yake. Mbili!

"Bibi, si wapunguze hizo mbili tu?"

"Kwani ni mchicha huu, wa kuomba punguzo?"

Akakaa mchangani akalia. Khoi kashika mkia wa gauni kama mtu aliyepewa samaki mkunga, hajui pa kumshikia.

Sikusema kitu mbele yao. Nasema hapa.

Mume wangu, Sau, ndiye ninayeitwa kwa jina lake. Mwaka ule mashua yao ilipovunjika, wenzake wanne hawakurudi. Yeye alirudi. Alisema Bwana alimbeba mgongoni mpaka kulipokucha. Hakuna aliyekuwepo wa kumbishia. Tangu siku hiyo kila alfajiri akatembea, kutoka kwenye mawe ya chumvi mpaka mdomo wa mto, kumtafuta Bwana aliyetua. "Alinibeba, na mimi nitambeba." Miaka thelathini na mmoja! Hakuokota hata pomboo. Anarudi na kandambili mkononi, anasema, "Leo hapana." Nami nasema, "Kunywa chai." Basi. Miaka thelathini na mmoja tulizungumza hivyo, mpaka akafa.

Na huyu kaja jana tu na basi, amefumbua macho, kamwona!

Sikula. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 8 Juni

Simu, simu, simu. Mama yake Khoi anasikika mpaka jikoni. Kadi zimechapishwa, watu mia tatu wamealikwa, nani amewahi kusikia mkwe anamwombolezea samaki. Nikamnyang'anya Khoi simu.

"Dada, hapa hatusemi samaki."

"Mimi nasema ninachokiona, dada."

"Hujakiona. Uko Pleiku."

Akakata. Na mimi ndiye nilitaka kukata!

Saa nne akaja Nam Dau. Ana mashua kubwa kuliko zote mtaani, na tumbo la kufanana nayo. Kaleta kapu la maembe. Kakaa, kajipepea, kasema: yeye ndiye aliyemwona Bwana kwanza. Baharini, saa kumi alfajiri, akirudi kuvua. Hakupiga ngoma kwa sababu alikuwa amechoka.

Nam Dau! Mtu ambaye akikohoa mtaa mzima unaarifiwa! Amwone Bwana, anyamaze?

Najua anachokitaka. Tangu Tet, mwaka mpya wetu, nyavu zake zinatoka na majani tu. Na watu husema mtoto wa Bwana harudi toka baharini mikono mitupu.

"Namsaidia mtoto, Bibi Sau," akasema. "Yeye ana harusi, mimi nina mashua. Kila mtu ashike lake."

Uso wa Uyen ukafunguka kama dirisha. Khoi tayari kashamshika mkono yule mzee muongo, anashukuru ameinama mpaka kiunoni. Nikasema, Uyen, ulimwona au hukumwona? Akasema, "Bibi, pengine nilikosea. Mimi si mtu wa bahari."

Hilo tu. Si mtu wa bahari.

Wakaenda kwa Mzee Tam. Nikafuata nyuma na mdomo nimeufunga. Mzee Tam akamtazama muda mrefu. "Una hakika, mjukuu wangu?" Ana hakika. Akamfungua kitambaa, akamfunga Nam Dau. Kichwa kikubwa! Fundo likakataa, wakaongezea uzi.

Chakula cha mchana sikusema neno. Mimi kunyamaza ni ugonjwa, wote wanajua.

"Bibi, umenuna?"

"Sinuni. Natafuna."

Jioni wamerudi kutoka minarani. Trinh akaniletea ile mashine yake nichague picha nzuri. Anasema Uyen leo amegoma kucheka, kila picha kama ya kitambulisho. Nikaona kweli. Nikamwambia, rudi nyuma. Rudi jana.

Jana, saa kumi na moja na dakika sita alfajiri. Chini pameandikwa. Uyen kageukia maji, mkono mdomoni, na kwenye mawimbi kitu cheusi. Nyuma yake, pembeni kabisa, mashua ya Nam Dau. Imefungwa gatini. Turubai juu, kavu, hata tone. Na chini ya paa lake, kitanda cha wavu kimening'inia, mguu umetoka nje. Mguu hauna kidole cha mwisho! Mtaa mzima tunaujua ule mguu, kidole kililiwa na kamba ya nanga.

Alikuwa amelala! Bwana anatua, Nam Dau anakoroma!

Nikamwambia Trinh, nitilie hiyo kwenye simu yangu. Akanitilia. Sasa iko mfukoni, nzito kama jiwe la kupimia.

Nikiitoa, siku ya harusi ya mtoto imekwenda, na nitakuwa nimeivunja mimi. Nisipoitoa, Bwana anazikwa na mtoto wa uongo, na mimi nitakaa mbele ya picha ya Sau nikimwashia udi kila siku huku najua. Wewe Sau, ulikuwa mtu wa kunipa mizigo ukiwa hai, hata sasa hujaacha!

Nikageuka, kumbe Uyen yuko nyuma ya bega langu. Ameiona. Nikamuuliza kama anajua kwa nini chini ya madhabahu pana kandambili kuukuu. Hajui. Nikamwambia. Nilimwambia kwa ukali, sauti nyingine sina.

Akauliza, "Alikuwa anaanzia wapi?"

"Mawe ya chumvi. Nenda kalale."

Jumapili, 9 Juni

Saa mbili asubuhi. Naandika upesi, mezani jikoni, kisu kando.

Alfajiri Uyen hakuwa kitandani. Khoi akachanganyikiwa. Katafuta chooni, katafuta juu ya dari, kampigia simu, simu ikalia juu ya mto. "Bibi, amenikimbia?" Nikamwambia, kwa miguu ile laini? Kaa chini.

Saa moja kasoro akaingia. Nywele zimejaa chumvi, miguu mchanga mtupu. Kandambili za babu yake mkononi. Hakuzivaa, kazibeba! Kama yeye. Nikashika mlango.

Alikipita kioo. Akawasha udi, vijiti vitatu. Akataka kuuzima moto kwa kupuliza, nikamzaba kiganja, unatikisa, hupulizi, babu yako si chai. Akatikisa. Akakaa pale kaupa uso ukuta, halafu akasema:

"Bibi, mimi ndiye niliyemwona."

Mara ya nne hiyo. Safari hii hakucheka.

Khoi akauliza, na mama? Na siku? Uyen akasema, "Tungoje mwaka ujao. Kama hutaki kungoja, sema leo." Yule kijana akawa mweupe kama tui. "Nitangoja," akasema. Sauti ndogo, lakini ilitoka hapo hapo, hakuitafuta. Nimeiweka akilini.

Halafu wakakaa wote wawili wanalia. Ebo! Watoto wa siku hizi! Wanaiuliza simu njia ya kwenda chooni, bibi aliyeketi mbele yao hawamuulizi! Nilidhani kila mtu anajua! Mzazi akifa na harusi iko karibu, watu wanaozesha kabla. Kabla jeneza halijafungwa, kabla kitambaa hakijafika kichwani. Kitambaa kisipofungwa msiba haujaanza. Dada yangu aliolewa hivyo hivyo. Asubuhi nyekundu, mchana nyeupe, na kuku mmoja akatosha kote kuwili. Amezaa saba.

Uyen akajishika kichwa. "Lakini mimi nilishafungwa, bibi."

"Na jana ukafunguliwa. Kitambaa kiko wapi?"

"Kwa Nam Dau."

"Basi."

Tamaa ya tumbo lile imetufaa! Kichwa cha mtoto kiko wazi!

Nilikwenda kwa Mzee Tam na simu yangu. Akaitafuta miwani yake, akaipata kichwani. Akatazama ile picha, akaisogeza, akautazama mguu. Akacheka mpaka akakohoa. "Kidole hicho nilikizika mimi mwenyewe." Halafu akaacha kucheka. Akasema Bwana anazikwa saa tisa alasiri, hawezi kungoja, joto hili. Kitambaa kitafungwa saa nane kamili. Anachokifanya msichana kabla ya saa nane si shughuli ya hekalu. Yeye mwenyewe atamvua Nam Dau kitambaa, na huyo Nam Dau atabeba mti wa nyuma wa jeneza, ndio mzito.

Nikiwa natoka mlangoni akaniita. "Sau alitembea miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka haraka, nisije nikaaibika barabarani.

Sasa ni saa mbili na robo. Pleiku mpaka hapa ni mwendo wa saa nne. Basi lao la mchana liende na hewa. Khoi kasimama mlangoni na simu anatafuna mdomo. "Bibi, mama atakataa. Atasema leo si siku nzuri, hajamuuliza mpiga ramli." Siku nzuri! Bwana mwenyewe amekuja mpaka mchangani kumtafuta mtoto wetu, yeye anataka siku nzuri ipi?

Ngoma imeanza. Nimewaambia hivi, na naandika ili asije mtu akasema hakusikia:

Khoi, piga. Usijieleze, utaharibu. Mwambie alete sinia la harusi, tambuu na popoo, na yeye mwenyewe afike, kabla ya saa nane. Akipiga kelele, nipe mimi simu. Baba yake Uyen nitamwita mwenyewe, waje gari moja. Harufu ya samaki ataivumilia siku moja. Trinh, weka hiyo mashine chini, kamata yule kuku mwekundu. Na wewe Uyen, fungua kasha langu. Gauni langu liko chini kabisa, linanuka dawa ya nondo, livae hivyo hivyo. Jekundu sasa. Jeupe saa nane.